Leso Isiyofuliwa

Kilburn, London
12 Mei 1968

Dada yangu Jane,

Nisamehe. Najua umekwenda posta ukarudi mikono mitupu, na najua ulivyo: hulalamiki, unanyamaza tu, na kunyamaza kwako nakusikia mpaka huku. Barua yako ya Februari iko mbele yangu. Nimeijibu kichwani mara nyingi, nikifua nepi, nikiwa kwenye basi, nikiwa nimekaa mbele ya watu kanisani. Kuandika ndiko kulikonishinda. Leo Tom amelala na Baba Eunike yuko mkutanoni, basi nakaa nikuandikie.

Sisi hapa wazima, ukiondoa mafua ambayo hayaishi. Tom ameota meno mawili ya chini na ananing'ata bila huruma. Shemeji yako amekonda lakini sauti ipo, unamjua. Wenyewe wanasema baridi imekwisha. Mimi bado navaa soksi mbili, na jiko la mafuta ya taa linawaka chumbani mchana kutwa.

Uliniuliza tunakaa wapi. Hata mimi hujiuliza nikiamka. Chumba chetu ni hiki kimoja cha Kilburn, orofa ya juu, bafu tunashirikiana na watu wa chini. Lakini humu tunalala siku chache. Misheni wametupangia kila Jumapili kanisa jingine, na kila kanisa lina familia ya kutupokea. Tunafika na masanduku, tunapewa chumba cha mtoto wao aliyeoa, tunakunywa chai, tunajibu yale yale: ndiyo, simba wapo, la, hatukai nao. Jioni Baba Eunike anahubiri, nami najifunga leso juu ya gauni, naimba wimbo mmoja kwa Kiswahili, na kina mama wananishika mikono. Asubuhi natandua kitanda cha watu, nakunja shuka, tunaondoka. Ni wema, wema sana. Lakini kuwa mgeni kila siku ni kazi, Dada. Huwezi kukasirika. Huwezi kumwacha mtoto alie. Huwezi hata kusema viazi vimekukinai.

Sasa nije kwenye lililonikalisha. Eunike. Tulipoondoka Novemba uso wake ulikuwa umejaa ukambi na daktari alikataa kabisa apande ndege. Tukasema akipona atatufuata. Februari alikuwa aje na katibu wa askofu, ukaandika anakohoa. Nikakubali, kifua cha mtoto si cha mchezo. Sasa ni Mei. Kikohozi gani hicho?

Na jambo moja dogo. Ile leso yangu ya zambarau, niliyoivua mwilini usiku ule nikamfunika nayo ikiwa bado na jasho langu: bado analala nayo? Mama alituachia yake vile vile alipokwenda kulazwa, unakumbuka tulivyoigombania wewe na mimi. Niambie tu kama bado analala nayo. Nikijua hilo nami nitalala.

Mdogo wako,
Teresia


Freretown, Mombasa
3 Juni 1968

Mdogo wangu Teresia,

Nilikusamehe kabla hujaomba. Ila usilie tena juu ya karatasi, wino umechuruzika na upande mmoja nimeusoma kwa kubahatisha.

Huku mvua zimetupiga. Bati la jikoni limeng'oka na fundi anakuja kila kesho. Mchungaji mpya hahubiri sana, watu wanampenda. Makupa ukiiona leo utapotea: maduka ya Wahindi yamefungwa safu nzima, wengine wameondoka chai iko mezani. Lile la Hemant tulikokuwa tukinunua leso sasa mna fundi baiskeli. Mama yake, Ba, yuko peke yake ghorofani akingoja karatasi za kumfuata mwanawe huko kwenu. Nampelekea mchicha kila Jumamosi. Anaula wote kisha ananiambia umeoza.

Eunike hajambo. Amenenepa. Nimemtia shule ya watoto wadogo pale kanisani, na mwalimu anasema ana sauti ya babake na ukaidi wako. Sokoni Kongowea ndiye anayechagua nyanya. Juzi muuzaji alizidisha bei, mwanao akashika kiuno: "Wewe, mzee mzima, huoni haya?" Nimemkanya, lakini nilicheka kwanza.

Habari ya safari, mvua hizi si za kumtoa mtoto nje. Halafu ninyi mtarudi Krismasi, ndivyo mlivyosema mkiondoka. Ya nini kumpeleka kwenye baridi miezi michache kisha kumrudisha? Mwache ashibe. Msalimu shemeji, mwambie ale.

Dadako,
Jane


Kilburn, London
21 Julai 1968

Dada Jane,

Salamu kwa wote, na pole kwa bati. Tom anatambaa. Chumba hiki hakina pa kutambaa, basi anatoka kitandani mpaka mlangoni na kurudi kama askari wa zamu. Mimi kifua kilinibana wiki mbili lakini sasa nakohoa kidogo tu, usijali.

Barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikitafuta leso. Haimo. Labda ulisahau.

Nikueleze la Stratford. Ni mtaa wa mashariki ya London, kanisa la matofali yaliyojaa masizi, watu wa kazi za mikono, wana moyo sana. Baba Eunike alikuwa akihubiri habari za kujitoa. Katikati ya maneno nikamsikia anasema: mimi na mke wangu tulimwacha mzaliwa wetu wa kwanza kwa ajili ya Injili. Mama mmoja mbele yangu akatoa kitambaa akafuta macho. Baadaye walikuja mmoja mmoja kunikumbatia, na mimi nimesimama na kikombe cha chai nikisema asante, asante.

Kwenye basi nikamwuliza, "Baba Eunike, lini tulimtoa mtoto sadaka?"

"Nilikuwa nahubiri."

"Alikuwa na ukambi. Waambie ukambi."

"Ukambi hauwagusi watu, Mama Eunike."

"Basi na waguswe na kitu kingine."

Akageukia dirishani. Mpaka Kilburn aliyekuwa akizungumza ni Tom peke yake.

Nyumba ninayoingia bila kualikwa kwa barua ni moja tu, ya Hemant, huko Kenton. Huku hata rafiki yako anakuandikia kwanza: njoo chai Alhamisi ya wiki ijayo. Lakini mkewe, Mama Pradip, alifungua mlango mikono imejaa unga, akapiga kelele, "Mama Eunike! Vua viatu uje jikoni, chapati zinaungua!" Dada, karibu nilie kwa furaha ya kuamrishwa. Hemant sasa anakata tikiti kwenye mabasi. Anasema kutwa nzima watu wanamwambia asante na hakuna hata mmoja anayemwuliza hali. Pradip, mtoto wao, ukimsemesha Kiswahili anaelewa yote na kukujibu kwa Kiingereza, mamake anamrushia kijiko.

Hapo nilimkuta Gurdial, yule aliyekuwa akifanya kazi reli. Anarudi Mombasa kuuza nyumba yake. Nimempa leso nyingine ampelekee Eunike. Nimelala nayo wiki nzima na sikuifua makusudi. Gurdial aliifungua akakunja uso. "Nimpelekee mtu leso chafu?" Nikamwambia, "Uchafu wake ndio mzigo wenyewe." Akaelewa bila maneno zaidi, akaitia kwenye mfuko wa nailoni na kupiga fundo.

Mpe Eunike usiku, wakati wa kulala. Uniandikie alivyofanya.

Wako,
Teresia


Freretown
2 Septemba 1968

Mdogo wangu,

Tu wazima. Bati limetengenezwa. Mzee Shadraki wa nyumba ya pili amefariki, tumemzika Jumanne, watu walijaa.

Gurdial alikuja, akanywa maji, hakukaa. Leso nimeipata. Usiku nilimpa Eunike kama ulivyosema. Aliinusa akasema inanuka jiko. Akanirudishia.

Hukunijibu habari ya Krismasi. Nauliza kwa sababu watu wananiuliza.

Jane


Kilburn, London
20 Oktoba 1968

Dada Jane,

Natumaini barua hii inakukuta na afya, nawe upokee salamu za shemeji yako na za Tom, ambaye sasa anasimama akishika ukuta.

Umeitaja Krismasi mara mbili, nami Julai nikaipita kimya. Haturudi Krismasi. Misheni wameomba tukae miaka mitatu. Familia zinazotoka kwetu zinazidi kufika, Kenton, Wembley, kila mahali, na wengine hawajui mtoto anaandikishwa shule wapi wala daktari anaonwa vipi. Baba Eunike akiwasemesha Kiswahili mabega yao yanashuka. Nimeyaona kwa macho yangu. Amekubali. Na mimi nimekubali, usidhani niliburutwa. Nilishindwa tu kukuandikia, kwa maana nilijua nikiandika hilo, la pili litafuata.

La pili ni hili. Jumamosi tulikuwa kwa Hemant na akatusomea barua ya mamake, aliyoandikiwa na jirani. Karatasi zake zimetoka, atasafiri mwisho wa Januari. Kisha akasoma, "Mama Eunike ameniletea mchicha, anawasalimu wote." Mama Pradip akanigeukia. "Wewe ulikwenda Mombasa lini?" Wakacheka. Nikacheka nao. Baadaye nilikwenda chooni nikasimama tu, nimeshika sinki, mpaka Pradip akagonga mlango.

Sikukasirikia jina. Mama mkubwa ni mama, hilo hakuna wa kunifundisha. Lakini niliona safari zote zilizoahirishwa zikisimama mstari mmoja: kikohozi, mvua, shule. Na nikakumbuka swali nililouliza Mei, nikauliza tena Julai kwa njia ya mbali.

Basi leo nauliza waziwazi, na usinijibu habari za bati. Leso yangu ya zambarau iko wapi?

Eunike atakuja na Ba. Bibi yule hajui neno la Kiingereza na Hemant anasema anaogopa ndege kuliko kufa. Watashikana mikono. Mwanangu atimize miaka mitano akiwa kwangu. Hili siliombi, Dada. Nakuarifu, kwa heshima zote.

Teresia


Freretown
17 Novemba 1968

Teresia,

Salamu utazikuta mwisho. Leo nikianza na salamu sitafika.

Leso yako niliifua.

Mlipoondoka mtoto aliishika usiku na mchana. Wewe unadhani alikuwa akiilalia. Alikuwa akiililia. Ukambi ulikwisha, homa ikaisha, na bado hali chakula. Kengele ya kanisa ikilia anakimbia nayo hadi barabarani, kwa sababu babake alimwambia watarudi kama watu wanaorudi kutoka kanisani. Anasimama pale, watu wanapita, wanaisha, anarudi. Shingo ilikuwa nyembamba kama ya kuku. Nilimpeleka kwa daktari, daktari akasema hana ugonjwa.

Siku moja alipokuwa amelala mchana niliivuta polepole, nikaipiga sabuni ya mche, nikaianika juani. Usiku akaiweka puani. Akaigeuza upande wa pili akanusa tena. Akanitazama, Teresia. Kisha akailaza chini akaja kulala mgongoni mwangu. Asubuhi akaomba uji.

Sikuombi msamaha kwa uji ule.

Kikohozi cha Februari kilikuwepo, cha siku mbili. Siku nyingine niliziongeza mimi. Mvua nazo zilikuwepo, ila ndege hazikusimama. Jina sikulitafuta, lilianzia sokoni, na nilipolisikia sikulikataa. Wewe unajua nyumba hii ya Mama ilivyokuwa kimya tangu azikwe, mimi na saa ya ukutani tu. Mungu hakunipa wangu. Sisemi alikuibia wako anipe, nasema tu nilikuwa nikiamka na mtu ananiuliza leo tunakula nini.

Mchukue mwanao. Ni wako, na hata yeye nikimwuliza mamako ni nani anasema "Mama Teresia wa Ulaya," kama mtu anayetaja mstari wa Biblia. Nitamsuka, nitampeleka uwanja wa ndege mimi mwenyewe, pamoja na Ba. Lakini wewe uliyeniuliza swali mwaka mzima, nijibu na mimi langu. Usiku wa kwanza huko, akianza kuniita mimi, utafanyaje?

Shemeji msalimu. Tom mbusu. Kifua chako ukitibu, "nakohoa kidogo tu" yako naijua.

Jane


Kilburn, London
15 Desemba 1968

Dada yangu,

Nimekaa na barua yako siku nyingi kabla ya kuijibu, na mara hii sikuwa nakwepa. Kwanza nilikasirika. Niliikasirikia sabuni, nikaukasirikia uji. Nikamwambia Mama Pradip, tukiwa tunakunja nguo kwake, "Amenifuta kwa mwanangu." Akaendelea kukunja. Baadaye akasema, "Mtoto alikula?" Nikasema alikula. "Basi," akasema, akanipa ncha ya shuka nivute.

Ningekuwa wewe ningeifua. Na ungekuwa mimi ungeuliza iko wapi. Tuishie hapo, Dada, tusirudie tena, mimi nimechoka na najua nawe umechoka.

Kifua nimetibu. Chupa mbili za dawa, nimemaliza moja.

Jumapili iliyopita tulikuwa kanisa jingine, na shemeji yako alipofika mahali pale pa sadaka alisita. Akanitazama. Akasema, "Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na ukambi, ikabidi tumwache kwa dada yake mke wangu." Hakuna aliyelia. Lakini baada ya chai mzee mmoja alinijia, kofia mkononi. Akasema wakati wa vita watoto wa London walipelekwa mashambani kukaa na watu, na binti yake alikuwa mmoja wao. Aliporudi alimwogopa mamake, akawa anamlilia mke wa mkulima. Nikamwuliza, "Mlifanyaje?" "Hatukufanya kitu," akasema. "Tulimwacha alie, na mama wa kule tukamwalika kila mwaka."

Basi jibu lako ni hilo, nimelichukua kwake. Akikuita sitamwambia nyamaza. Sitamwambia utakuja kesho, uongo wa namna hiyo tulimwambia mara moja na uliukuta wewe barabarani. Nitakaa kando ya kitanda mpaka achoke. Wewe ataendelea kukuita Mama, na nimemkataza babake asimsahihishe. Mimi aniite apendavyo mpaka aone mwenyewe. Kila mwezi atakuchorea kitu nami nitaandika chini yake. Tukirudi, tukirudi kweli, nyumba yenye saa ya ukutani ndiyo tutakayofikia kwanza, nawe utamkuta mkubwa na bado mkaidi.

Ba anasafiri tarehe ishirini na tisa Januari. Hemant na mimi tutakuwa uwanjani tangu asubuhi, Baba Eunike ameomba ruhusa asihubiri siku hiyo. Mwambie Eunike kwamba Ba ndiye anayeogopa, na kazi yake yeye ni kumshika mkono. Atapenda kupewa kazi. Ndege ikianza kukimbia amhesabie Ba, hesabu anaijua, si umemtia shule.

Usilie mbele yake uwanjani. Au lia, mimi ni nani wa kukuambia.

Mdogo wako anayekupenda,
Teresia

Vya kutuma, na usizidishe, maana Ba ana masanduku yake na achari zake:

Kadi ya chanjo ya ndui, imefungwa shingoni mwake ndani ya nguo, isitiwe kwenye sanduku.

Sweta ya bluu aliyofumiwa na Mama. Najua haimtoshi. Nitaifumua nimfumie soksi.

Kitana cha mti. Vya hapa vinakatika kwenye nywele zetu.

Mafuta ya nazi, chupa moja, mdomo uzibwe kwa nta.

Iliki na mdalasini, kiasi cha kiganja. Mama Pradip anasema nisimletee aibu kwa ile ya dukani.

Leso yangu ya zambarau, ile uliyoifua. Nitaivaa mimi siku ya uwanjani, huenda akaijua kwa rangi.

Na leso yako moja, Dada. Ile unayolala nayo. Lala nayo mpaka usiku wa mwisho, na asubuhi mkienda uwanjani mfunike nayo. Usiifue.